Vita vya Bi Mkasi kwa Ajili ya Ramani Kuukuu

Jumamosi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa sita. Ukungu mzito tangu alfajiri, manyunyu yasiyotosha kulowesha shuka, upepo hakuna.

Andikeni hivyo, enyi mnaoandika tarehe za majemadari na kuhesabu farasi wao, kisha acheni nafasi chini yake, kwa maana siku hiyo lilitendeka jambo ambalo majemadari wenu wote hawakulithubutu. Sogezeni viti. Mwenye chungu jikoni na apunguze moto, mwenye simu na aigeuze kifudifudi, mwenye mtoto wa kulia na ampakate. Habari inayokuja ni ya mwanamke mmoja, karatasi moja na jiwe moja; na kati ya hivyo vitatu palikuwa na nyika, miiba, na mkwe.

Mwanamke huyo aliitwa Bi Mkasi, mshonaji wa barabara ya nyuma ya soko, mtawala wa cherehani ya miguu, mwenye miaka hamsini na tisa na miwani mbili, moja ya kushonea na moja ya kuitafutia ile ya kwanza. Sifa yake iliyovuma mitaa yote ilikuwa akiba. Washonaji wengine hukata kitambaa karibu na mshono na kutupa kinachobaki. Bi Mkasi hakukata. Alikunja. Ndani ya kila nguo iliyotoka mkononi mwake mlifichwa ukingo mpana, kitambaa cha kutosha kumngoja mwenye nguo anenepe. Wanawake walioolewa wembamba walirudi kwake baada ya watoto watano na gauni lile lile, naye akafumua, akaachia, wakatoka wamelivaa na kupumua. Mkwe wake mwenyewe, mume wa binti yake wa mwisho, alikuwa ameachiwa suti ya harusi mara tatu, na akiba bado haijaisha.

Alikuwa na miaka hamsini na sita alipoingia darasa la jioni, wala hakuingia kutafuta elimu. Aliingia kutafuta karatasi. Alisikia kwamba katika ofisi ya misitu, kwenye ukumbi ambamo watu wazima walisoma jioni, kulikuwa na kabati la chuma lenye droo pana, na ndani yake ramani kuukuu sitini na mbili, kubwa, ngumu, safi za kukatia vielelezo vya magauni. Zilichorwa karibu miaka hamsini nyuma na wapimaji waliozunguka nchi kwa miguu. Akaenda na mkasi wake. Mwalimu wa jioni, mtu mpole mwenye chaki hata kwenye nyusi, akamtolea moja, akaweka kidole juu ya neno moja dogo la buluu, akasema, "Nisomee hili kwanza, kisha ukate."

Bi Mkasi hakujua kusoma. Alirudi jioni tatu kwa ajili ya neno hilo moja. Jioni ya tatu alilisoma: *chemchemi*. Akaitazama ramani yote, akaona kwamba kila kijidudu cheusi kilichokuwa pale ni neno linalomngoja, na ule mkasi ukarudi mkobani.

Tangu hapo, kabla ya kufungua daftari, alifunga macho na kuomba kama wengine waombavyo kabla ya chakula: "Ee Mola uliyeweka vilima mahali pake, weka na herufi mahali pake kichwani mwangu." Vilima vilikaa. Herufi nazo, moja moja, zikakaa. Zile ramani sitini na mbili zikawa vitabu vyake vya kwanza, na ile namba kumi na saba, iliyokuwa imechanika katikati kutoka juu hadi chini, aliichukua nyumbani akaishona kwa mkono wake mwenyewe, mistari ikikutana na mistari kama milia ya kitambaa cha bei. Mwalimu aliitundika ukutani. Wageni walioneshwa.

Sasa, adui.

Adui hakuwa na pembe wala meno ya ajabu. Alikuwa Afisa Misitu, mkwe wake yule yule mwenye suti, kijana mwenye adabu, mwenye kifaa cha setilaiti kiunoni na kiatu kilichopakwa rangi. Ofisi yake ilikuwa imepelekewa mashine ya fotokopi, kubwa kama jokofu, na mahali pekee pa kuiweka palikuwa kona ya kabati. Siku ya Alhamisi jioni aliingia darasani akasimama mlangoni, mikono nyuma, maana mkwe haongei na mama mkwe mikono ikiwa mfukoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kusoma?"

"Nimekuja kutoa taarifa, Mama. Jumatatu kabati linaondoka. Zile karatasi zitachukuliwa na watu wa kiwanda cha trei za mayai."

Bi Mkasi aliweka kalamu chini taratibu, kama mtu anayeweka mkuki chini ili auchukue vizuri zaidi.

"Karatasi gani?"

"Zile ramani, Mama. Kwa heshima zote, zimepitwa. Zina njia ambazo hazipo. Zina vijiji vilivyohama. Mtu akizifuata porini atalala huko huko."

"Wewe umewahi kuzifuata?"

"Sijawahi, Mama."

"Basi habari za kulala umezipata wapi?"

Wanafunzi wakacheka. Afisa Misitu akatabasamu kwa adabu, lakini hakurudi nyuma hata hatua moja. Hapo Bi Mkasi akasimama, akashika meza kwa mikono miwili, akanena maneno ambayo Mpishi wa shule, shoga yake aliyeketi naye dawati moja, aliyanukuu kwenye daftari la hesabu kwa kukosa jingine karibu:

"Sikilizeni ninyi mlio hapa, na wewe mwanangu usikilize kuliko wote. Kwenye ramani hizi nilipata macho nikiwa bibi wa wajukuu sita. Ukizipeleka zikawe trei, kila yai nitakalovunja nitaona nimevunja neno. Ramani namba kumi na saba inaonesha nguzo ya wapimaji mashariki ya makutano ya mito, ndani kabisa ya hifadhi yako. Kwenye hicho kifaa chako ipo?"

Afisa akakitazama kifaa. "Haipo, Mama. Hakuna nguzo yoyote kule. Nina miaka saba kwenye hifadhi hii, sijawahi kuiona."

"Ramani yangu ikitufikisha kwenye nguzo hiyo Jumamosi kabla ya saa sita mchana, je?"

Afisa Misitu aliwatazama wanafunzi, akamtazama Mwalimu, akaitazama ile kona. Alikuwa mtu wa haki. "Ikitufikisha, Mama, kabati linabaki. Isipotufikisha, naomba tusilaumiane nyumbani."

"Hatutalaumiana," alisema Bi Mkasi. "Nitanyamaza tu."

Inasemekana jambo hilo la mwisho ndilo lililomnyima usingizi.

Jeshi lilikusanyika Jumamosi saa mbili asubuhi kwenye geti la hifadhi, ukungu ukiwa bado umekalia mabega ya miti. Kulikuwa na Mwalimu, mwenye dira shingoni. Kulikuwa na Dereva Mstaafu, mwanafunzi wa dawati la nyuma, aliyekuja, kwa maneno yake, kuona mtu akipotea kwa kusoma. Kulikuwa na Mpishi, mpana wa bega na wa moyo, aliyepewa kazi kuu ya kuhesabu hatua, na ambaye alikuwa ametia maharage thelathini mabichi katika mfuko wa kulia wa aproni yake. Kila hatua mia zikitimia, harage moja lingehamia mfuko wa kushoto. Na kulikuwa na Afisa Misitu, kifaa kiunoni, aliyekuja kama shahidi na aliyekuwa amekula vizuri.

Bi Mkasi alivua viatu vya soko akavaa vya mvua, akafunga kilemba upya, akaning'iniza shingoni futi yake ya utepe kwa mazoea tu, akainua ramani namba kumi na saba kama bendera. Kisha akaomba, na wote wakainamisha vichwa, hata Dereva.

"Mola wetu, hatukuombi nguzo isiyokuwepo. Tunakuomba ile iliyopo, na macho ya kuiona. Utulinde na nyoka, na kiburi, na huyu Dereva."

"Amina," alisema Dereva kabla hajasikia vizuri.

Wakaingia.

Pambano la kwanza lilikuwa na njia. Ramani ilionesha njia ya mguu, vistari vyeusi vimepangwa kama mshono wa mkono, kutoka getini hadi makutano ya mito. Nchi ilionesha miiba. Walisimama mbele ya ukuta wa vichaka ambao hata mbuzi angeomba radhi na kurudi.

Afisa akakohoa kidogo. "Mama, naona njia haipo."

"Imeondoka."

"Imekwenda wapi?"

"Waliokuwa wakiipita wamestaafu. Muulize Dereva."

"Mimi nimeendesha lori miaka thelathini na mbili bila ramani," Dereva akajibu kwa fahari.

"Ndiyo maana mizigo yako ilifika siku ya pili," alisema Mpishi.

Mwalimu akapiga makofi mawili kama yuko ubaoni. "Tulisemaje darasani? Ramani kuukuu huulizwa kwa mpangilio. Kwanza vilima, maana havina miguu. Halafu mito, lakini ukiiangalia kwa makini. Njia mwisho. Nyumba msiniulize kabisa."

Bi Mkasi akainua macho. Ukungu ulikuwa umeanza kufunguka, na juu ya miti vilionekana vilima viwili, kimoja butu na kimoja chembamba. Akaishusha miwani puani, akatafuta kwenye karatasi ile mistari ya kahawia, kontua, iliyosongamana ilipo miinuko na kuachana palipo tambarare. Kilima butu kilikuwepo. Kilima chembamba kilikuwepo. Kati yao palikuwa na bonde, na bonde lilishuka mpaka kwenye makutano.

"Tunashuka kati ya wale wawili," alitangaza, "na njia itakayotaka kurudi itatukuta mbele."

Nani ataimba vita vya bonde lile! Miiba iliwarukia ubavuni, ikadaka kilemba cha jemadari ikabaki nacho dakika nzima. Tope lilimshika Mpishi kiatu, likamwachia mguu likabaki na kiatu, nao wakavutana wanne dhidi ya tope mpaka tope likasalimu amri kwa mlio wa aibu. Kwenye ramani palikuwa na kibanda cha mlinzi. Walikuta mawe matatu na mjusi. Afisa akaandika jambo hilo kwenye kijitabu chake. Lakini saa nne na nusu, wakiwa wamechoka na kuchanika, walisikia maji, na chini ya majani mito miwili ilikuwa ikikutana kama kwenye karatasi, imesogea labda hatua ishirini kutoka pale ilipoandikwa, kama mtu aliyesogea kwenye benchi kumpisha mwingine.

"Ipo," alisema Afisa Misitu, na akaandika hilo pia. Alikuwa, kama ilivyosemwa, mtu wa haki.

Kutoka makutano hadi nguzo, mashariki moja kwa moja, Bi Mkasi alipima kwa futi yake: sentimita tatu. Kila sentimita ya karatasi ilikuwa mita mia tano za nchi. Tatu ni elfu moja na mia tano. Hatua za Mpishi walikuwa wamezipima Ijumaa kutwa barabarani kwa kamba: mia na arobaini kwa kila mita mia. Wakapiga hesabu mara mbili, juu ya jiwe, kwa chaki ya Mwalimu. Hatua elfu mbili na mia moja. Maharage ishirini na moja.

Mwalimu akatega dira, akiwakumbusha kwamba sindano yake haielekei leo pale ilipoelekea miaka hamsini iliyopita, na kwamba wapimaji waliandika pembeni mwa ramani inahama kiasi gani kwa mwaka. Marekebisho hayo walikuwa wameyafanya juzi ubaoni, Dereva akilalamika. Yote yalikuwa sawa. Silaha zote zilikuwa na makali. Wakaanza kupanda.

"Mia," alisema Mpishi, na harage la kwanza likavuka.

Walipanda katika nyasi zilizofika kifuani. Harage la tano. Harage la kumi. Jua likatoboa ukungu, na mgongo wa kila mmoja ukaanza kutoa mvuke. Kwenye harage la kumi na tano Dereva aliacha kutania, jambo ambalo Mpishi alilihesabu miongoni mwa miujiza ya siku. Kumi na tisa. Ishirini. Bi Mkasi alikuwa akihesabu kwa midomo, na kati ya namba na namba aliweka jina la Mungu, kama mtu anayetia shanga kwenye uzi.

"Ishirini na moja," alisema Mpishi, akasimama.

Palikuwa na nyasi. Kushoto nyasi, kulia nyasi, na mti mmoja mkavu. Walitafuta kwa fimbo, kwa mikono, kwa magoti. Walizunguka duara, kisha duara kubwa zaidi. Waliyainua mawe matano, nayo yote yakawa mawe. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano.

Dereva akakaa kwenye kisiki. "Mimi sisemi kitu," alisema, na hilo lilikuwa neno kali kuliko yote ambayo angeweza kusema.

Afisa Misitu alikuja taratibu, kofia mkononi. Aliongea kwa sauti ya chini, maana hakutaka kumshinda mama wa mke wake mbele za watu, ingawa alikuwa amemshinda.

"Mama, hakuna aibu hapa. Makutano uliyapata, vilima umevipata. Lakini karatasi imezeeka. Ikifikia umri huo inakuwa na kweli nyingi na uongo mmoja, na porini uongo mmoja unatosha. Nitakuachia hii namba kumi na saba. Uiweke sebuleni. Hizo nyingine ziende."

Bi Mkasi alikuwa anatazama mbele. Kulingana na ramani, nguzo ilisimama pale ambapo mlima unaacha kupanda na kuanza kushuka. Mbele yao nchi ilikuwa bado inapanda, pole pole, bila haraka. Vilima viulizwe kwanza, Mwalimu alisema. Basi kilima hakijafika. Na kama kilima kinasema bado, na ramani inasema tayari, ni nani kati yao aliye na miguu?

Akatandaza karatasi juu ya goti. Ramani ile ilikuwa imegawanywa miraba, na kila mraba ulikuwa kilomita moja ya nchi kwa kila upande. Akavua futi shingoni, kama alivyofanya mara elfu juu ya kiuno cha mteja. Mraba wa kwanza: sentimita mbili. Wa pili: mbili. Wa nne: mbili.

Mraba wa tatu, ule uliopitiwa na mshono wake mzuri kutoka juu hadi chini: sentimita moja.

Alielewa yote kwa pigo moja, kwa vidole kabla ya akili. Ramani ilipochanika yeye hakukata kingo zile zilizoraruka. Hajawahi kukata ukingo maishani mwake. Alikunja nusu sentimita huku na nusu sentimita huku, akalinganisha mistari, akapiga mshono mara mbili, akaweka akiba. Ndani ya akiba hiyo ilikuwemo nusu kilomita nzima ya nchi, pamoja na vyote viijazavyo.

Jihadharini sasa, enyi wasikizi, maana vita vikubwa vya siku ile havikuwa na miiba. Hakuna aliyekuwa ameona. Miwani ilikuwa yake peke yake. Angeweza kuikunja ramani polepole na kusema, naam, imezeeka, na kila mtu angeisamehe karatasi kama wanavyosamehewa wazee. Kesho yake mtaani wangesema: ramani ilikuwa mbovu, lakini mshono, mshono ule haukuachia hata uzi. Miaka arobaini hakuna mtu aliyewahi kusema Bi Mkasi ameharibu. Aliyafunga macho. Midomo yake ilicheza kidogo, na Mpishi, aliyekuwa karibu, alisikia maneno machache tu: "Nipe mdomo, Mola, macho umeshanipa."

Akasimama.

"Mwanangu, Mwalimu, na nyote. Karatasi haijadanganya. Aliyedanganya ni mimi."

"Shoga, kaa, ni jua," alisema Mpishi.

"Si jua. Njooni muone." Akatandaza futi juu ya miraba mbele yao, akapima tena kwa sauti, mbili, mbili, moja, mbili. "Hapa nimemeza sentimita nzima kwa kiburi cha mshono. Wapimaji walitembea nchi hii kwa miguu yao, wakaandika kila hatua kwa uaminifu, kisha nikaja mimi na sindano nikawabana kiunoni. Kama kuna mtu wa kupelekwa kwenye trei za mayai, nipelekeni mimi."

Mwalimu alivua miwani, akaivaa, akavua. Miezi minane ramani ile ilikuwa ukutani kwake, na miezi minane aliisifu kwa wageni.

Dereva aliinuka kwenye kisiki. "Subiri. Yaani sisi tumepotea ndani ya pindo?"

"Ndani ya pindo," alikiri Bi Mkasi.

"Miaka thelathini na mbili barabarani," alisema Dereva kwa sauti ya mtu aliyeona mwisho wa dunia na kuupenda, "sijawahi kupotea ndani ya pindo."

Mpishi ndiye aliyeanza kucheka, kisha Mwalimu, kisha hata Afisa, aliyegeuka pembeni na kuziba mdomo kwa kofia. Bi Mkasi hakucheka. Alikuwa ametoa wembe mdogo mkobani. Ilikuwa saa tano na dakika thelathini na tano.

"Nilikunja," alisema. "Namshukuru Mungu sikukata. Nchi yote imo humu ndani."

Akaketi katika nyasi akafumua. Alikuwa amepiga mshono mara mbili, kwa fahari, na sasa kila tundu la fahari hiyo lilimla sekunde. Afisa Misitu, bila kuombwa, alipiga magoti akashika upande wa pili wa karatasi, akiikaza kama alivyomwona akikaza kitambaa sebuleni. Uzi ukatoka. Kingo zikafunguka, zimekunjika, nyeupe kuliko ramani nyingine kwa kukaa gizani, na ndani yake kikaonekana kitu ambacho macho ya binadamu hayakuwa yamekiona kwa miezi minane: kijito. Kilikuwa chembamba, cha buluu, kimelala ubavu kwa ubavu na mpasuko.

"Kijito hicho," alisema Afisa, akikitazama kifaa chake, kisha karatasi, kisha kifaa, "mimi sina."

"Mita mia tano," alisema Mwalimu. "Hatua mia saba."

"Maharage saba," alisema Mpishi. "Nilileta thelathini. Mniite mjinga tena."

Wakaenda. Hakuna jeshi lililowahi kwenda mbio namna hiyo nyuma ya bibi wa wajukuu sita. Harage la kwanza, la pili. Kwenye la tatu walisikia mlio mdogo, kama mtu anayemimina chai chumba cha pili, na nyasi zikaachia, na kijito kikawa miguuni mwao, kipana kama mkono, hai, kikipita bila habari kwamba kwa miezi minane kilikuwa kimeshonwa. Dereva alivua kofia. Wakakivuka. La tano. La sita. Nchi ikaacha kupanda. Mpishi akainua harage la saba juu ili watu wote walione, akalidondosha mfukoni.

Palikuwa na kichaka cha miiba.

Walizunguka. Saa ya Mwalimu ilisema dakika sita zimebaki, kisha tano. Afisa Misitu, kwa haki ile ile iliyomsumbua siku nzima, aliingia mwenyewe katikati ya kichaka akikanyaga matawi, na ndipo ukasikika mlio wa mfupa na sauti ya mtu anayetaka kutukana akakumbuka yuko mbele ya mama mkwe.

"Uwii! Mama yangu!"

"Nipo hapa. Nini?"

"Goti, Mama." Akayatenga matawi. "Mama, njoo."

Nguzo ilimpata mkwe kabla mkwe hajaipata nguzo. Ilisimama pale, ya zege, kimo cha goti, imevaa kuvu la kijivu, imesubiri kwa adabu karibu miaka hamsini. Juu yake palikuwa na kibati cha shaba. Bi Mkasi akakisugua kwa ncha ya kilemba, akavaa miwani, na yeye ambaye miaka mitatu nyuma hakuijua hata herufi ya jina lake akasoma kwa sauti kuu, mbele ya watu wanne na nyika yote:

"Nguzo. Arobaini na tatu."

Mwalimu akaweka kidole kwenye ramani, pembeni ya pembetatu ndogo nyeusi. Arobaini na tatu. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tatu.

Ingieni hapo, enyi waandishi wa tarehe, jazeni ile nafasi mliyoiacha! Andikeni kwamba milima ilishuhudia na haikusogea. Andikeni kwamba Mpishi alipiga kigelegele kikaamsha ndege wa mabonde mawili. Andikeni kwamba Dereva Mstaafu aliomba kuishika ramani, akaishika kwa mikono miwili, akaulizia kama darasa la jioni lina nafasi dawati la mbele. Bi Mkasi mwenyewe alikuwa amepiga magoti, paji la uso juu ya zege baridi, akisema asante, na asante, na asante, mpaka kuvu likamwachia alama ya kijivu aliyotembea nayo hadi nyumbani bila mtu yeyote kumwambia.

Alipoinuka, mkwe wake alikuwa amesimama wima, goti likivuja damu kidogo, kofia kifuani, mkono mmoja juu ya nguzo.

"Mimi ni mtu wa neno langu," alisema. "Mbele ya Mwalimu, na Mpishi, na Dereva, na mbele ya Mama: kabati halitoki. Ramani zote sitini na mbili zinabaki pale pale, na watu wa trei nitawapigia simu leo. Mashine ya fotokopi itakaa kwangu ofisini, hata kama italazimu mimi nikae nje. Na hii nguzo, na kile kijito, nitaviingiza kwenye kifaa changu, na pembeni nitaandika vimetoka ramani namba kumi na saba."

"Tumesikia," walisema mashahidi.

"Ila Mama," akaongeza, akiangalia chini, "kwa heshima zote, na wewe tuahidi kitu."

Wote wakamgeukia. Bi Mkasi alikunja ramani iliyofunguka, akaiweka kifuani, akainua mkono wa kulia ambao bado ulikuwa na wembe.

"Naahidi," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kijitoni, "mbele ya Mungu, na mbele ya ninyi wanne, na mbele ya nguzo namba arobaini na tatu, kwamba ramani hii nitaibandika kwa gundi na kitambaa upande wa nyuma, ukingo kwa ukingo, na sitamkunja wala kumbana mtu yeyote kiunoni asiyenipa ruhusa, awe mteja, awe mkwe, awe nchi."